Jioni ya Kusemeana

Kila asubuhi, kabla ya chai, lazima kesi moja isikilizwe. Ndiyo ilikuwa sheria ya chumba chao. Redio alipanda juu ya kitanda, taulo kichwani na mswaki mkononi, na Hakimu akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, mgongo ukiegemea kabati, akasikiliza. Siku nyingine mshtakiwa alikuwa mama mwenye nyumba aliyekata maji bila taarifa. Siku nyingine mhadhiri wa sheria ya ardhi, kwa kosa la kufundisha mpaka watu wanasinzia. Redio alitetea, Hakimu akatoa hukumu ya maneno machache, kisha ndoo ikafunuliwa, maji yakachotwa na chai ikabandikwa.

Asubuhi hiyo mshtakiwa alikuwa panya.

"Mheshimiwa," Redio alisema, povu la dawa ya meno likimtoka pembeni mwa mdomo, "mteja wangu hakuiba mkate. Aliukuta mkate umelala wazi, peke yake, gizani, katika mazingira ya kushawishi. Kama yupo wa kushtakiwa, ni yule aliyesahau kufunga mfuko."

"Aliyesahau ni wewe."

"Basi, Mheshimiwa, naomba kesi iahirishwe."

Hakimu alikuwa amefungua kinywa atoe hukumu, simu ikaita. Redio aliruka kutoka kitandani, akaishika kwa mkono ulioloa na kuiweka sauti ya nje. Aliyepiga alikuwa mwenyekiti wa chama cha wanafunzi wa sheria, kijana aliyevaa suti hata siku za kufua.

"Dada Redio! Umekaa au umesimama?"

"Nimesimama mahakamani."

"Basi kaa chini. Mama Wakili, yule aliyekuwa jaji wa mashindano, atakuja leo kwenye Jioni ya Kusemeana. Anatafuta mwanafunzi mmoja. Mafunzo ofisini kwake likizo nzima, na ada ya mwaka wa mwisho atalipa yeye. Sasa sikiliza: ameniuliza kwa mdomo wake, yule binti aliyesema ile kesi ya mirathi atakuwepo? Nikamwambia atakuwepo hata akiwa mahututi, tutambeba kwa machela."

Redio alipiga kelele, akameza povu, akakohoa huku anacheka. "Umesikia? Ndugu yangu, umesikia?"

"Nimesikia," Hakimu alisema akiinuka kwenye ndoo. "Hongera."

Neno lilimtoka kama mwiba wa samaki. Redio hakuliona. Alikuwa amekwisha kumpigia mama yake.

Walikuwa watoto wa ndugu wawili. Mama yake Redio alikuwa mkubwa, mama yake Hakimu mdogo, na kwa sababu hiyo Redio, ingawa alizaliwa nyuma, alijiita dada. "Umri ni wako, ukubwa ni wangu," alipenda kusema. "Kalalamike kwa bibi." Waliitwa Redio na Hakimu tangu mwaka wa kwanza: mmoja kwa sababu hakuzimika, mwingine kwa sababu darasa zima lilipobishana yeye alinyamaza, na mwisho wakamgeukia kumuuliza nani yuko sahihi.

Mtu akiwaona pamoja asingedhani kuna neno. Walichangia sukari, walichangia soksi. Lakini kwa muda mrefu Hakimu alikuwa anabeba kitu ambacho hakukipa jina, maana kukipa jina ingekuwa kukikaribisha kiti. Kilimjia watu walipoita "Redio! Mambo?" wakampita yeye kama wanavyopita nguzo. Kilimjia Redio aliporudi kutoka semina na kadi za mawakili, akizipanga mezani kama mchezaji karata: huyu wa kodi, huyu wa mikataba, huyu amesema nimpigie nikikwama. Hakimu naye alikuwa ameketi katika semina ile ile, mstari wa mbele, akaandika kila neno. Alirudi na daftari lililojaa na mfuko mtupu. Elimu ya kuandika aliifundishwa darasani. Elimu ya kumsogelea mtu mzima aliyeshika glasi ya soda, ukamwambia "shikamoo, mimi ni fulani," hiyo hakujua inafundishwa chumba gani.

Na sasa kesi ya mirathi.

Yalikuwa mashindano ya kesi za kuigiza. Walipewa habari ya binti aliyemuuguza baba yake na kuongeza vyumba katika nyumba ya baba. Baba alipofariki, kaka zake wakataka nyumba yote igawanywe. Hakimu aliiandika hoja wiki nzima. Aliiandika kwa urahisi uliomtisha, kwa sababu alimfahamu binti yule. Mama yake mwenyewe alikuwa fundi cherehani, na vyumba vya nyuma kwa babu vilisimama kwa shilingi za kupindia suruali na kutia zipu. Ndipo ilipomjia ile sentensi: *Mtu harithi alichokijenga mwenyewe, hicho tayari ni chake.*

Siku ya mashindano walitakiwa wagawane sehemu za kusema. Hakimu alisimama, akasema "Mheshimiwa," na baada ya hapo hakuna kilichotoka. Aliona miwani ya Mama Wakili, aliyekaa kiti cha jaji, ikimtazama kwa subira. Subira ile ndiyo iliyommaliza kabisa. Kisha akasikia kiti kikisogezwa kando yake na sauti ya Redio, laini kama siagi: "Mheshimiwa, kwa ruhusa yako, wakili msomi mwenzangu ameniachia sehemu hii." Redio alisema yote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Alipofika kwenye ile sentensi alishusha sauti, akanyamaza kidogo, na ukumbi ukanyamaza naye. Walishinda.

Redio alikuwa amemwokoa. Ndilo lililouma zaidi. Mtu akikuibia unaweza kumchukia kwa raha zako. Aliyekuokoa utamchukia vipi?

Mchana, wakati Redio yuko kwa msusi, mama yake Hakimu alipiga simu. Alianza na hali ya hewa, akaja kwenye cherehani, akazunguka kote mpaka alipofika.

"Mjomba wako kastaafu, mwanangu. Amesema kwa ada yako mkono wake umefika mwisho. Mwaka ujao tutafute njia nyingine. Au upumzike kidogo, urudi mambo yakikaa sawa."

"Sawa, mama."

"Umemwambia mwenzako? Mama yako mkubwa asije akasikia nje."

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Alikuwa amewaona waliopumzika kidogo. Walirudi kutembelea, wakauliza habari za mitihani, na macho yao yalikuwa kama ya mtu anayechungulia dirisha la nyumba aliyokuwa akiishi.

Redio aliporudi na nywele mpya, Hakimu alijaribu kwa mbali.

"Leo ukinisemea, utasema nini?"

"Wewe acha tu. Nitakupamba kama bibi harusi."

"Lakini utasema nini hasa?"

"Aa, Hakimu! Unataka rasimu? Maneno yangu huja yenyewe, kama chafya." Akamgeukia na kioo mkononi. "Na wewe usiniangushe, sawa? Leo ndiyo leo."

Sema hoja ile niliiandika mimi. Maneno yalikuwa mepesi hivyo. Yalifika kwenye meno yakarudi. Kwa nini aombe? Redio si anajua? Mtu anayejua, na anayekupenda, huna haja ya kumwomba. Basi Hakimu akachukua pasi, akanyoosha blauzi zote mbili, na kila alipopitisha pasi kwenye ya Redio alijisemea moyoni: tutaona kama atakumbuka.

Ukumbi wa chakula ulikuwa umegeuzwa. Meza ndefu zilivikwa vitambaa vyeupe, harufu ya dawa ya sakafu imefunika ya vitunguu, na nyuma ya kila meza aliketi wakili mbele ya karatasi iliyokunjwa yenye jina lake. Mwenyekiti alipanda juu ya kiti, suti ikimning'inia, akatangaza utaratibu ambao kila mwanafunzi wa sheria wa hapo aliujua.

"Mganga hajigangi, na wakili hajitetei! Leo hakuna kujisemea. Mnakwenda wawili wawili. Mwenzako ni mteja wako, wewe ndiye wakili wake. Mteja hafungui mdomo. Akiulizwa swali, anajibu wakili. Atakayejisemea namtoa nje, na biskuti simpi!"

Watu walicheka, wakaanza kuzunguka. Kutoka meza ya jirani ilisikika sauti ya kijana mmoja: "Mteja wangu ni mchapakazi, Mheshimiwa, isipokuwa asubuhi." Mteja wake akamkanyaga mguu.

Mama Wakili alikaa meza ya mwisho, karibu na dirisha. Alikuwa mwanamke mnene, mtulivu, miwani yake imefungwa kwa mnyororo shingoni, na alikuwa na tabia ya kumsikiliza mtu kwa kuinamisha kichwa kama anayesikiliza saa kama bado inatembea.

"Karibuni, wanangu. Shida gani imewaleta?"

"Shikamoo, mama," walisema pamoja.

"Marahaba. Nani anaanza?"

Redio hakungoja. "Mheshimiwa, nasimama mbele yako kwa niaba ya mteja wangu, ambaye pia ni mdogo wangu, ingawa yeye atakuambia kalenda inasema vingine."

Mama Wakili akatabasamu. Hakimu alitazama kitambaa cha meza.

"Mteja wangu ni mtu wa kutegemewa. Hajawahi kuchelewa popote. Chumba chetu ukikiona utadhani hakuna anayeishi. Nikiumwa, anaamka kunipikia uji. Ukimpa siri, umetupa jiwe kisimani. Blauzi hii niliyovaa, Mheshimiwa, kaipiga pasi yeye. Tazama kola."

"Naiona kola," Mama Wakili alisema. "Na sheria je?"

"Sheria anaisoma mpaka maktaba wamemzoea. Akikosekana wanaulizana kama kuna msiba."

"Na ile kesi ya mirathi mliyosimama pamoja. Yeye alifanya nini?"

Sasa, Hakimu aliwaza. Sasa ataisema. Aliinua macho. Redio alikuwa amefungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu Hakimu amfahamu, mdomo ule ulibaki wazi bila sauti. Ulikuwa muda mfupi sana. Mtu mwingine asingeuona.

"Alinisaidia," Redio alisema. "Alinisaidia sana."

Alinisaidia. Hakimu alisikia masikio yakimpata moto. Uji, pasi, siri, kola, msaada. Alikuwa amesifiwa kama mfanyakazi wa ndani anayetafutiwa nyumba nyingine.

"Haya," Mama Wakili alisema akimgeukia. "Wewe sasa. Nisemee huyu mteja wako. Nilimsikia siku ile, nikarudi nyumbani na sentensi moja kichwani. Mtu harithi alichokijenga mwenyewe. Niambie, wakili msomi, mteja wako aliitoa wapi sentensi ile?"

Jibu lilikuwepo. Ilitoka kwa mama yangu, kwenye kiti chake cha cherehani. Lakini mteja hasemewi hivyo, na tena mwenye wivu hasemi moja kwa moja. Wivu una adabu zake.

"Mteja wangu," Hakimu alisema, na sauti, ambayo siku zote ilimkimbia, safari hii ilitoka safi, "ana kipaji kikubwa, Mheshimiwa. Ukimpa kitu cha kusema, atakisema."

"Ukimpa?"

"Ndiyo. Anachopewa hakipotezi hata herufi. Ni kama kipaza sauti. Kizuri sana. Hakichagui maneno ya nani."

Nyuma yao mtu alitoa "uuu" ya chini. Redio hakusogea. Alikuwa mteja, hakuruhusiwa kusema, akabaki amesimama na nywele zake mpya, tabasamu likiwa bado usoni kama taa iliyosahauliwa kuzimwa mchana.

Mama Wakili alivua miwani, ikaning'inia kifuani.

"Mwanangu, nimekuuliza habari za mteja wako, umenijibu habari zako. Na umenijibu kwa asali, ili nisione kisu. Wateja wangu mimi ni wajane, ni watoto waliofiwa. Nitawaweka vipi mikononi mwako, na huyu wa nyumbani kwenu umemzamisha mbele ya macho yangu?" Akamgeukia Redio. "Na wewe. Mtu anayejua neno la kusema kila saa, nimekuuliza swali dogo, ukapotea. Nimeona ulipopotea. Sina haja ya kujua zaidi. Nendeni mkanywe soda."

Mfuko wake wa kadi ulikuwa juu ya meza. Hakuufungua.

Walitoka hadi kwenye ngazi za nje, ambako wafanyakazi wa jikoni walikuwa wamepanga kreti tupu. Jua lilikuwa linaelekea kuzama, na magari ya mawakili yalikuwa yamepangwa kando ya ukuta. Redio alikaa juu ya kreti, akainuka tena.

"Kipaza sauti! Mimi? Mimi ni kipaza sauti?"

"Na mimi ni pasi?"

"Nimekusifu!"

"Umenisifu kama unaniuza. Hata meno yangu ungeyataja."

"Sasa kama ulitaka niseme, si ungeniambia? Nitajuaje unachotaka? Wewe kila siku 'sawa', 'hakuna neno', 'nimesikia'. Kuishi na wewe ni kama kuishi na mlango!"

"Ulijua. Ulifungua mdomo, ukajua, ukaufunga."

Redio alikaa tena. Akaanza kuchokonoa kreti kwa kucha.

"Nilijua," alisema hatimaye, kwa sauti ambayo Hakimu hakuwahi kuisikia, ndogo, kama ya mtoto aliyevunja kikombe. "Lakini ningesema wewe ndiye uliyeiandika, ningebaki na nini? Eh? Darasani nikiongea watu wanacheka. Wewe ukiandika watu wanatulia. Unadhani sioni? Mhadhiri anarudisha kazi yako ameishika kwa mikono miwili. Yangu anaitupia. Mara moja tu mtu mzima amenitazama kama nina akili. Mara moja. Nikataka aendelee kunitazama hivyo, mpaka jioni tu iishe."

Hakimu alimtazama. Ilikuwa kama kuambiwa kwamba jirani unayemwonea wivu kwa bustani yake huchungulia yako kila asubuhi. Haikumpoza. Wivu hauzimwi kwa kugundua kwamba na mwenzako anao. Bado alizitaka zile kadi, ile sauti, ile njia ya kusogelea watu. Ila sasa aliweza kumwona Redio mwenyewe, aliyesimama nyuma ya vitu hivyo vyote.

"Mjomba amestaafu," alisema. "Mwaka ujao sina ada. Mama anasema nipumzike."

"Tangu lini?"

"Nimeambiwa leo. Lakini nilikuwa nahisi."

"Na hukuniambia?"

"Ungetangaza."

Redio alifikiri. "Kweli ningetangaza," akakubali, na wote wawili wakakaribia kucheka, lakini kicheko kikaogopa kutoka. Kisha Redio akashika kichwa. "Yaani mimi baba ananilipia, halafu nimekaa pale naipigania ada. Ningekuwa najua, wallahi nisingekwenda meza ile."

"Ndiyo maana sikusema. Sikutaka uniachie. Nilitaka nishinde."

Mlango wa ukumbi ulifunguliwa. Mama Wakili alitoka na mafaili kwapani, akishuka ngazi polepole, upande upande, kama watu wenye magoti mabovu. Mwenyekiti alimfuata nyuma akimbebea mkoba, akimshukuru kwa kila ngazi.

Redio alishtuka, akajipangusa uso. "Ngoja. Ngoja nimwambie. Mheshimiwa! Mama!" Akaanza kwenda, mikono imekwisha kuinuka, maneno tayari yanakuja kama chafya. "Mama, samahani, kuna jambo, huyu ndugu yangu..."

Hakimu alimshika mkono.

"Usinisemee."

"Lakini wewe hutaweza! Utasema 'Mheshimiwa' utabaki hapo hapo!"

"Basi nitabaki. Simama hapa, lakini usinisemee."

Mama Wakili alikuwa amesimama kwenye ngazi ya mwisho, akiwatazama. "Nini tena?"

"Mheshimiwa," Hakimu alisema.

Na kweli, akabaki. Ile subira ilikuwa pale pale, kichwa kimeinama kidogo. Mwenyekiti alikohoa na kunong'ona, "Dada, utaratibu, hakuna kujise..." Redio akamkazia jicho. Hakimu alihisi maneno yakifika kwenye meno, yakitaka kurudi kama yalivyorudi mchana. Alishika kiganja cha Redio kwa nguvu mpaka mwenzake akajikunja.

"Mheshimiwa, hoja ile niliiandika mimi. Sentensi ile niliitoa kwa mama yangu, alijenga vyumba kwa babu kwa cherehani. Lakini ingebaki kwenye karatasi. Huyu ndiye aliyejua pa kushusha sauti. Mimi nilisimama nikashindwa, ulikuwepo, uliniona." Alivuta pumzi. "Nilichokisema kule ndani nilikisema kwa wivu. Namwonea wivu ndugu yangu. Kila siku. Hata sasa, ninavyoongea."

"Nimekusikia," Mama Wakili alisema. "Lakini bado hujaniambia umenisimamisha kwa nini. Unataka nikusamehe, au unataka nini?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo, msamaha. Angerudi nyumbani na msamaha, mpole kama siku zote, na mwaka ujao angekuja kutembelea, akauliza habari za mitihani.

"Naitaka ile nafasi ya ofisini kwako," Hakimu alisema. "Asipewe mwingine. Naitaka mimi."